Pointi Sita za Takataka: Kabla Utuambie Vijana Hatuna Moyo wa Kujitolea

Wasee, kwanza niwape hadithi yangu ya aibu, ndiyo tuingie kwa historia.

Miaka michache iliyopita nilijiandikisha kuwa mtu wa kujitolea kwa tukio moja kubwa la michezo hapa Nairobi. Jina la tukio na la waandaaji nitabaki nalo. Tuliambiwa tufike saa kumi na moja alfajiri. Tungepewa tisheti, chakula cha mchana, nauli ya kurudi nyumbani na cheti cha kuweka kwa CV. Siku ya kwanza tulikuwa wengi, tunaimba kabisa. Chakula cha mchana kilifika saa kumi jioni, na kilikuwa mkate na soda. Nauli tukaambiwa itatumwa kwa simu. Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa mtoto wa mtu fulani. Hakujua geti la watu wenye ulemavu liko upande gani, na kila tukimuuliza kitu alisema tungoje apige simu. Siku ya pili nusu yetu hawakuja. Siku ya tatu mimi pia sikwenda. Nilizima simu nikalala.

Jioni nilipoiwasha nikapata ujumbe wa rafiki yangu mmoja aliyebaki. Mzee wa kiti cha magurudumu alikuwa amekaa kwa geti langu karibu saa nzima, juani, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwonyesha njia ya kuingilia.

Cheti sijawahi kukiona hadi leo, nauli pia. Kitu nilichokiona ni ujumbe wa mwandaaji kwa grupu letu la WhatsApp, akisema vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea, wanataka pesa tu.

Manze, hiyo sentensi imekaa na mimi. Imekaa kwa sababu naona ni uongo, na imekaa pia kwa sababu yule mzee hakunikosea kitu. Na sasa kuna haraka ya kuijibu. AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Agosti 2025 tuliionja kidogo na CHAN, Kasarani ikajaa, Harambee Stars wakatufikisha hadi robo fainali. Kwa AFCON wataita tena vijana wa kusimama kwa mageti, kubeba maji, kuonyesha watu viti, kutafsiri, kuokota takataka baada ya mechi. Wataita wengi. Na wakitoroka siku ya pili, najua tayari ni nani atalaumiwa.

Nimetafuta kwa historia mahali ambapo vijana wa Nairobi walijitolea, wakajitolea kweli, miaka na miaka. Sikuhitaji kwenda mbali. Ni Mathare.

Nairobi mbili za mwaka 1987

Agosti 1987 Kenya iliandaa Michezo ya Afrika, ile ya nne. Kasarani ilikuwa mpya kabisa, imejengwa kwa msaada wa China, viti karibu 60,000. Bara zima lilikuja. Harambee Stars walifika fainali wakafungwa na Misri bao moja kwa bila. Muulize mtu yeyote wa umri wa baba yako, atakueleza kama ni jana. Ilikuwa fahari ya nchi, na sitaki kuidharau.

Sasa chukua Thika Road urudi kuelekea tao. Kabla hujafika Pangani, upande wa kushoto, kuna bonde. Zamani lilikuwa machimbo ya mawe, baadaye likawa makao ya watu ambao jiji liliwataka mchana kwa kazi na halikuwataka usiku. Mwaka huohuo wa 1987, Mathare ilikuwa na maelfu ya watoto na karibu hakuna uwanja. Mpira ulikuwa wa juala, zile karatasi za nailoni zimekunjwa zikafungwa na kamba. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na lundo la takataka, kwa sababu gari la taka la jiji halikuwa linaingia huko.

Raia mmoja wa Canada anayeitwa Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi kwenye mambo ya mazingira, alipita akakuta watoto wanacheza. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba walimuomba mpira wa kweli na refa. Angeweza kununua mipira kumi, apigwe picha, aende. Tumeona hao wengi. Badala yake akaweka masharti, na masharti yalikuwa mepesi kuelewa: mkifanya kitu, nami nitafanya kitu. Msipofanya, hakuna.

Kitu cha kufanya kilikuwa mbele ya macho yao. Takataka.

Hapo ndipo kilizaliwa chama kinachoitwa Mathare Youth Sports Association, wengi tunakijua kama MYSA. Najua unachofikiria: hii sasa ni ile hadithi ya mzungu aliyekuja kutuokoa. Ngoja kidogo. Tutarudi hapo.

Hesabu ya pointi

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa hivyo nitaichukua polepole.

Katika ligi za MYSA, ukishinda mechi unapata pointi tatu kama ligi yoyote ile. Lakini timu ikimaliza kazi yake ya usafi wa mtaa inapata pointi sita. Pointi hizo zinaingia kwa jedwali lilelile la ligi. Hakuna jedwali la tabia njema pembeni.

Fanya hesabu mwenyewe. Timu A wana mastraika hatari, wameshinda mechi mbili, wana pointi sita. Jumamosi ya usafi hawakutokea. Timu B wamefungwa mechi zote mbili, lakini walikuja na mabeleshi, wakazibua mtaro, wakabeba taka hadi kwa lori. Timu B wana pointi sita. Wako sawa! Wiki ijayo Timu A wakifungwa na Timu B wakitoka sare tu, Timu B wako juu.

Fikiria sasa uko ndani ya Timu A, una miaka kumi na tatu na wewe ndiye Messi wa mtaa wenu. Zamani ungesema, "Mimi ni wa kufunga mabao, nyinyi shikeni mabeleshi." Chini ya hesabu hii huwezi, kwa sababu wenzako watakuangalia na kukuuliza ligi itashindwaje kwa ajili ya wewe kuogopa kuchafuka. Hakuna mtu mzima aliyewahubiria. Jedwali lilihubiri.

Na beki ambaye hajui kupiga danadana hata tatu, yule ambaye kila mara anachaguliwa wa mwisho? Sasa ana njia ya kuiletea timu pointi sita kwa mikono yake. Hakuna kocha wa kuhamasisha anayeweza kumpa mtoto kama huyo kitu kikubwa kuliko hicho: kuhesabika.

Watu wanadhani motisha ni hotuba. Wanaleta msee mwenye suti na maikrofoni, anatuambia tuamke saa kumi asubuhi na tuamini ndoto zetu, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Mathare ilianza upande mwingine. Iliuliza: huyu kijana tayari anataka nini? Anataka kushinda ligi. Basi funga kazi ngumu pamoja na kitu anachokitaka, na uhakikishe hesabu ni ya haki na kila mtu anaiona ubaoni.

Na kazi yenyewe haikuwa maigizo. Kwa mtu wa mabondeni, mtaro ulioziba si suala la urembo. Mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani, magonjwa yanafuata. Aprili 2024 mafuriko yalipopita Mathare tuliona yanavyoweza kuua, na wiki chache baadaye tukaona matingatinga yakibomoa nyumba za walionusurika kando ya mto. Kwa hivyo mtoto aliyezibua mtaro mwaka 1990 alikuwa anamlinda mama yake. Alijua anafanya nini na kwa nini.

Mwaka 1992, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lile la hapa Gigiri, liliipa MYSA tuzo yake ya Global 500, wakati wa mkutano mkubwa wa dunia wa mazingira huko Rio de Janeiro. Vijana wa bonde lisilofikiwa na gari la taka walituzwa na dunia kwa kuondoa taka. Kutoka Mathare hadi Gigiri ni safari fupi kwa gari. Kwa maisha, ni safari ndefu sana.

Nani aliwachagua viongozi?

Pointi peke yake zingeweza kugeuka kuwa ujanja. Mtu mzima angekaa juu na kalamu, anagawa pointi kwa wapendwa wake, na baada ya mwaka mmoja vijana wangekuwa wameondoka. Tunaijua hiyo sinema.

Kitu cha pili kilichoshikilia MYSA ni kwamba vijana walichaguana wenyewe. Eneo liligawanywa katika kanda. Timu za kanda zilichagua viongozi wao, na kutoka hapo wakachaguliwa watu wa mabaraza, moja la michezo na lingine la huduma kwa jamii. Tazama hapo: baraza la usafi na huduma halikuwekwa chini ya baraza la mpira. Yalisimama bega kwa bega. Na tunazungumzia viongozi wengi ambao walikuwa bado ni matineja, wanapanga ratiba za mamia ya timu, wanatafuta marefa, wanasuluhisha malalamiko ya nani alichezesha mtu wa umri mkubwa. Kufikia miaka ya 2000, chama kilikuwa na vijana zaidi ya 20,000.

Linganisha na kiongozi wa kikundi chetu siku ile, mtoto wa mtu fulani. Sisi hatukumchagua, na hangeweza kupoteza kitu chochote tukiondoka. Ndiyo maana hakuhitaji kujua geti liko wapi.

Kulikuwa na sheria za uwanjani pia ambazo naona zilikuwa na akili. Moja ilihusu kadi nyekundu. Mahali pengine ukipewa nyekundu unakaa nje mechi kadhaa, unanuna, unarudi uleule. MYSA, mchezaji aliyefukuzwa alitakiwa achezeshe mechi za watoto wadogo kama refa kabla ya kuruhusiwa kucheza tena. Fikiria huyo kijana aliyemtukana refa Jumapili iliyopita. Leo ana filimbi mdomoni, watoto ishirini na wawili wa miaka kumi wanampigia kelele, kila upande unasema amenunuliwa. Akirudi uwanjani, atamwangalia refa kwa macho mengine. Na chama kimepata refa wa bure. Adhabu ikawa mafunzo ya uongozi.

Halafu shule. Viongozi wa kujitolea, yaani makocha wa watoto, marefa, wasimamizi wa usafi, walikuwa wanaandikiwa alama zao binafsi za kazi waliyofanya. Waliokusanya nyingi walipata tuzo za uongozi, na pesa za tuzo zilikwenda moja kwa moja shuleni kulipa karo. Wewe uliyekulia familia ambapo mwezi wa kwanza ni mwezi wa kukwepa macho ya mwalimu mkuu, unajua hiyo ni nini. Mama aliyekuwa akigomba kwamba mpira unapoteza wakati, akaona risiti ya karo imeletwa na mpira.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mimi naongeza: hiyo si aibu. Kujitolea hakumaanishi mtu hana tumbo.

Wasichana walipoingia

Miaka mitano ya kwanza hii ilikuwa hadithi ya wavulana. Lazima tuseme hivyo. Mpira wa wasichana ulianza MYSA mwaka 1992, na haukuingia kwa ngoma na shangwe. Wazazi walikuwa na maswali ya kweli. Nani atateka maji? Nani atabaki na mtoto mdogo? Atarudi saa ngapi, na atapita njia gani gizani? Na wavulana nao walikuwa na kejeli zao.

Hapa nataka tuone tofauti ya kuwa na moyo na kuwa na nafasi. Wasichana wa Mathare hawakukosa moyo miaka hiyo mitano. Msichana aliyeamka saa kumi na moja, akateka maji, akapika uji, akampeleka mdogo wake, halafu akaenda shule, tayari alikuwa amejitolea kuliko mvulana yeyote mwenye beleshi. Tatizo lilikuwa hakuna aliyeihesabu kazi hiyo, na hakuna aliyepanga saa za mechi kulingana na maisha yake. Mambo yalibadilika pale watu walipokwenda kuzungumza na wazazi nyumbani, na kupanga michezo ili msichana awe amefika kwao kabla ya giza.

Hili ni somo kwa kila mtu anayeandaa tukio. Ukimwambia binti wa Dandora au Kayole afike Kasarani saa kumi na moja alfajiri na hujampangia gari, wewe ndiye uliyemwondoa kwa orodha. Usije ukasema wasichana hawakujitokeza.

Timu yenye deni

Mwaka 1994 MYSA ilianzisha timu ya wakubwa, Mathare United. Mwaka 1998 wakabeba Moi Golden Cup ikiwa bado ni timu ya daraja la chini. Mwaka 2000 wakalibeba tena. Wachezaji hawa walikuwa wanaonekana kwa runinga, lakini walitakiwa kila mwezi kutoa saa za kazi kwa jamii: kufundisha watoto, kushiriki usafi, kwenda kuzungumza na vijana kuhusu ukimwi wakati ambapo watu wengi hawakutaka hata kulitaja neno lenyewe.

Jiulize hiyo ilifanya nini kwa kijana wa miaka kumi na mbili. Straika aliyefunga bao Jumamosi Nyayo, Jumanne yuko hapa mtaani, anakufundisha kutuliza mpira kwa kifua. Unamjua nyumbani kwao. Unajua alianzia wapi, kwa juala na beleshi kama wewe. Huyo ndiye mhamasishaji, na hajatoa hotuba hata moja. Dennis Oliech alipitia njia hiyo ya Mathare United kabla ya kwenda Qatar na baadaye Ufaransa, na AFCON ya 2004 alikuwa mmoja wa waliofunga tulipowapiga Burkina Faso tatu bila, ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye mashindano hayo.

Lakini mwaka ninaotaka uukumbuke ni 2008.

Ulianza vibaya. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000 nchini, na Mathare ilikuwa miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoumia sana. Majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi walichoma nyumba za wenzao. Vijana waliokuwa timu moja walijikuta pande mbili za barabara. Mapatano ya viongozi wakubwa yalitiwa saini Februari 28, lakini karatasi ya Harambee House haimfanyi mtu alale usingizi Mashimoni.

Mwaka huohuo, Mathare United walishinda ligi kuu ya Kenya. Mara ya kwanza katika historia yao. Kocha alikuwa Francis Kimanzi, ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea timu hiyo. Sitakudanganya kwamba kombe lilitibu majeraha, halikutibu. Lakini ndani ya mwaka mmoja, jina Mathare lilisomwa kwa taarifa ya habari mara mbili, Januari kwa moto na baadaye kwa ubingwa. Na kikosi kilikuwa kimechanganyika, makabila tofauti, kama Mathare yenyewe. Timu ambayo imezoea miaka yote kuzibua mitaro ya mtaa mzima, bila kuuliza mtaro ni wa kabila gani, ilikuwa na kitu cha kusimamia wakati nchi ilikuwa haina.

Mambo ambayo sitayaficha

Niliahidi kurudi kwa lile suala la mzungu. Ndiyo, Munro alianzisha, na jina lake limo kwenye kila makala. Wafadhili wengi walitoka nje, Norway wakiwa mbele, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu za MYSA zilikuwa zikisafiri Oslo kucheza Norway Cup. Mpango unaotegemea pesa za mbali una hatari yake, kwa sababu siku mfadhili akibadilisha mawazo, ligi ya mtaa inayumba. Mathare United nao wamepitia nyakati ngumu za pesa, na wakati mmoja walishuka kutoka ligi kuu. Historia hii haina mwisho wa filamu.

Na kuna swali gumu zaidi ambalo rafiki yangu mmoja aliniuliza: kwa nini mtoto wa Mathare aoshe mtaro ndiyo acheze mpira, na mtoto wa Muthaiga, ng'ambo tu ya barabara, anacheza bila kuosha chochote? Kuzoa taka ni kazi ya jiji. Watu wanalipa ushuru.

Nimelifikiria sana hilo swali na nakubali yuko sawa. Jiji lilistahili aibu, na bado linastahili. Lakini kuna kitu kingine. Watoto wale hawakufanya kazi ile kwa ajili ya jiji. Waliifanya kwa mtaa wao, chini ya viongozi waliowachagua, kwa hesabu waliyoiona, na kilichopatikana kilirudi kwao: ligi, karo, safari, na mtaro usioziba. Wangekuwa wanafagia Kasarani ili mheshimiwa apite, bila karo na bila kura, ningesema ni unyonyaji.

Kiswahili chetu kina akili hapa. Neno ni kujitolea. Unajitoa wewe mwenyewe, kwa hiari yako, kwa jambo unaloliona ni lako. Kuna neno lingine linalofanana nalo: kutolewa. Sadaka hutolewa. Mbuzi wa harusi hutolewa, hajitolei. Siku ile kwa geti, mimi nilikuwa nimekwenda kujitolea, nikajikuta nimetolewa.

Kwa hivyo, 2027

Kama mwandaaji wa AFCON anasoma hii, au binamu yake, nina maombi machache, yote nimeyaazima Mathare.

Hesabu kazi yetu na uibandike mahali tunaona. Kama ni saa, ziandikwe saa. Kama ni cheti, kitolewe siku ya mwisho kabla hatujaondoka, na kiseme nilifanya nini, ili mwajiri akisoma ajue nilisimamia watu wangapi. Tuwape nafasi wa kujitolea wachague viongozi wa vikundi vyao baada ya siku mbili za mafunzo, watakuwa wameshaona ni nani anajua na ni nani anajifanya. Panga nauli na chakula kabla ya bendera, kwa sababu mtu mwenye njaa hatabasamu kwa mgeni wa kutoka Dakar. London 2012 ilikuwa na watu wa kujitolea wapatao 70,000, hawakulipwa mshahara, lakini usafiri wa kwenda kazini ulikuwa umepangwa. Sisi hatuombi kitu cha ajabu. Na tafadhali, angalia watoto wa mitaa iliyo karibu na Kasarani. Mashindano yakiisha, mipira na mabeleshi vibaki nao.

Hayo ni ya waandaaji. Lakini nilianza kwa aibu yangu na lazima nimalize nayo.

Nikiwa mkweli, MYSA inanihukumu mimi pia. Wale watoto walipofungwa mechi mbili mfululizo, Jumamosi walikuja na beleshi. Mimi nilipokosewa na mwandaaji, nililipiza kwa mtu ambaye hakuhusika. Ningeweza kugoma wazi. Tungeweza sisi wote, wale themanini au mia wa siku ya kwanza, kukaa chini saa moja asubuhi, kuchagua wawili wetu, kuwatuma kwa ofisi, na kusema mageti yatafunguliwa nauli ikiingia. Hiyo ingekuwa uongozi. Kuzima simu na kulala kulikuwa ni kuzima simu na kulala tu.

Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema. AFCON 2027 tutacheza kwetu. Tuzo tuidai, tena kwa sauti, kabla ya kuanza na si baada. Lakini tukishakubaliana, tusimame kwa geti hadi mtu wa mwisho aingie.

Mimi nitajiandikisha tena. Nikipangiwa lile geti la watu wenye ulemavu, nitafurahi. Nimeshalijua liko upande gani.